Kutambua magonjwa ya kuvu kwenye majana ya nyuki: mwongozo kwa wafugaji wa Uganda

Mfugaji akifungua mzinga akakuta majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyokufa, huuliza kwanza aweke dawa gani. Swali hilo nimelisikia Arua, nimelisikia Kasese, na jibu langu halibadiliki: tujue kwanza kilichoua. Majana hufa kwa kuvu, kwa bakteria, kwa virusi, kwa baridi na kwa njaa, na kila kifo kina tiba yake au hakina tiba kabisa. Ugonjwa wa chaki, unaoletwa na kuvu, mara nyingi unakwisha mzinga ukipata hewa, ukavu na nyuki wengi. Uozo wa majana wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria, unadai moto. Anayeyachanganya haya mawili ama atachoma nyuki ambao wangepona, ama atauacha mzinga mmoja uambukize manzuki nzima, yaani mizinga yote iliyo mahali hapo.

Habari njema ni kwamba kwa magonjwa ya kuvu, jicho, vidole na njiti ya kiberiti vinakufikisha mbali kabla hujahitaji maabara.

Kwanza, lijue jana lenye afya

Usipoyajua majana mazima vizuri, utaona ugonjwa kila mahali. Yai hukaa siku tatu, kisha hutoka jana dogo linalolishwa kwa takriban siku tano au sita kabla nyuki hawajafunika chumba chake kwa nta. Jana zima ni jeupe, linang'aa, lina unyevu, na limejikunja chini ya chumba. Likishafunikwa hujinyoosha. Kifuniko chake huwa kikavu, cha kahawia, kimeinuka kidogo katikati, na vifuniko vya majirani vinafanana. Sega la majana la malkia mzuri limejaa bila mapengo mengi.

Mapengo peke yake si ugonjwa. Malkia mzee, upungufu wa chavua, hata nyuki kusafisha vyumba vilivyoharibika huacha sega lenye mashimomashimo. Sega la namna hiyo linakuambia tu kwamba uchunguze zaidi.

Kuvu inavyoingia

Ugonjwa wa chaki unasababishwa na kuvu iitwayo Ascosphaera apis. Jana hula mbegu zake, yaani spora, pamoja na chakula linacholishwa na nyuki walezi. Spora huchipua ndani ya utumbo, na nyuzi za kuvu hutoboa ukuta wa utumbo na kutokea nje, kwa kawaida zikianzia upande wa nyuma wa mwili. Ndiyo maana kichwa mara nyingi ndicho kinachofunikwa mwisho. Alama hiyo itakusaidia baadaye.

Lakini kula spora peke yake hakutoshi. Nyuki hutunza joto la majana kwenye nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi. Jana lililokwisha kula spora likipatwa na ubaridi, hata joto likishuka kufikia nyuzi 30 hivi kwa saa chache karibu na wakati wa kufunikwa, kuvu hupata nafasi. Kwa hiyo ukiona chaki, jiulize pia nyuki walishindwaje kuyapasha joto majana yao.

Hapa Uganda majibu si magumu kuyapata. Kapchorwa, Kabale na miteremko ya Rwenzori usiku ni wa baridi na ukungu unakaa hadi asubuhi. Kusini na katikati mwa nchi kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hivi hadi Novemba. Kaskazini mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu. Ila hata Adjumani na Yumbe, kwenye joto, majana hupoa. Hutokea malkia anapotaga kwa kasi baada ya mvua za kwanza ilhali nyuki wakubwa wa kuyafunika bado ni wachache. Hutokea kundi dogo linapoingia kwenye mzinga mkubwa mtupu. Na hutokea sana baada ya urinaji mbaya: mtu amefukiza moshi wa majani mabichi, ameua nyuki wengi, ameacha masega ya majana wazi usiku. Siku kadhaa baadaye anaona majana meupe magumu na kusema amerogwa au nyuki wameletewa ugonjwa. Lakini spora zilikuwemo tangu mwanzo, kwa maana huweza kukaa hai miaka 15 na zaidi kwenye masega na mbao. Yeye amezipa tu baridi zilizokuwa zikiingoja.

Hatua ya kwanza: soma chini ya mzinga

Anza nje, asubuhi. Nyuki wenye tabia ya usafi hufungua vyumba vya majana yaliyokufa na kuburuta maiti hadi mlangoni. Tandika gunia jeupe au kipande cha turubai chini ya mlango jioni, ukikague kesho yake. Unatafuta vipande vigumu vyenye ukubwa wa jana, vyeupe, vya kijivu au vyeusi. Kama mizinga yako imetundikwa mitini au kwenye waya, fyeka nyasi kwanza, la sivyo maiti zitapotea nyasini na sisimizi watazichukua kabla hujazikuta.

Vipande vitatu vinne kwa wiki si jambo la kukukosesha usingizi. Ukivikuta kila asubuhi, na vinaongezeka, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: fungua mzinga bila kuyapoza majana

Nyuki wetu ni wakali, na kubwa zaidi ni kwamba ni wepesi kuhama wakisumbuliwa. Chagua siku kavu isiyo na upepo, alasiri ya saa kumi au kumi na moja, mwanga ukiwa bado upo. Vaa mavazi kamili, uwe na bomba la moshi lililowaka vizuri, patasi ya mzinga, kibano, njiti za kiberiti, tochi, kisu kikali, bahasha za karatasi na kalamu. Uwe na msaidizi wa kufukiza moshi, mikono yako ibaki kwa ajili ya sega.

Kwenye mzinga wa vipau vya juu, anzia upande ulio mbali na mlango na usogee taratibu kuelekea kwenye majana, ambayo mara nyingi yako karibu na mlango. Sega la mzinga huu halina waya wala fremu ya kulishikilia. Lining'inie wima wakati wote. Ukililaza ili ulitazame, litakatika kwenye kipau na kuanguka na majana yake yote. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kipau huku sega likibaki limening'inia. Langstroth, yaani mzinga wa maboksi wenye fremu, inakusamehe zaidi, kwani fremu unaweza kuigeuza.

Kwenye mzinga wa gogo au wa kikapu uliokandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe huwezi kutoa sega zima. Fukiza, mulika kwa tochi, na ukiona dalili kata kipande cha pembeni chenye majana.

Usiliweke sega la majana nje zaidi ya dakika chache, maana ukaguzi unaochukua nusu saa katika upepo unaleta ugonjwa uleule unaoutafuta.

Hatua ya tatu: soma vifuniko

Jua liwe nyuma yako ili mwanga uingie vyumbani. Tazama pembezoni mwa eneo la majana kwanza, na vyumba vya madume, kwa sababu huko ndiko baridi inakotangulia kufika. Ugonjwa wa chaki unaonekana hasa kwenye vyumba vilivyokwisha kufunikwa: vifuniko vyenye matundu, vifuniko vilivyong'atwa nusu, au vyumba vilivyofunguliwa kabisa na ndani kuna kitu cheupe kimesimama.

Sasa tikisa sega taratibu karibu na sikio, ukishaondoa nyuki. Maiti za chaki zikikauka hazishikamani na kuta za chumba, kwa hiyo hugongagonga ndani. Ukisikia sauti hiyo, umekaribia jibu.

Hatua ya nne: litoe jana, ulishike

Hapa ndipo wengi wanapokatisha safari. Wanatazama sega, wanasema "ni kuvu", wanafunga mzinga. Toa majana yaliyokufa kwa kibano, kutoka sehemu mbalimbali za sega, uyapange juu ya karatasi nyeupe.

Jana lililokufa karibuni kwa chaki limevimba mpaka limejaa chumba. Limevikwa nyuzi nyeupe laini mfano wa pamba, na ukilitoa zima utaona pembe sita za chumba zimechorwa mwilini mwake. Upande wa juu, mara nyingi, kuna kidoa kidogo cha njano au kahawia: hicho ni kichwa, ambacho kuvu haijakifikia. Ukikiona, una ushahidi mzuri kabisa.

Baada ya siku kadhaa jana hukauka, husinyaa na kuwa gumu. Likibanwa kwa kucha linavunjika na kumeguka kama chaki ya ubaoni, ndipo jina lilipotoka. Maiti nyingine hubaki nyeupe, nyingine huwa za kijivu au nyeusi, na mara nyingi utazipata zote kwenye sega moja. Si hatua mbili za lazima za kukauka. Kuvu hii ina aina mbili za kujamiiana. Jana likiota aina moja tu, hubaki jeupe. Aina mbili zikikutana juu ya jana moja, hutengeneza vifuko vidogo vyeusi vilivyojaa spora. Hivyo maiti nyeusi ndizo zinazosambaza ugonjwa zaidi, na ukihesabu, zihesabu kando.

Ugonjwa wa jiwe: tofauti na hatari yake

Kuvu ya pili ni ya jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, na pia A. fumigatus na A. niger. Ni nadra kuliko chaki, lakini uijue kabla hujaigusa. Wafugaji wanaolima mahindi na karanga tayari wanaifahamu kwa jina jingine: A. flavus ndiyo inayotoa sumukuvu kwenye nafaka zilizohifadhiwa na unyevu.

Jana huanza kwa weupe, kisha kuvu hutokeza pete ya rangi nyeupe-njano karibu na kichwa. Baadaye mwili hufunikwa na unga: kijani-njano kwa A. flavus, kijani-kijivu kwa A. fumigatus, mweusi kwa A. niger. Likikauka huwa gumu kweli, halimeguki kirahisi, na mara nyingi limeng'ang'ania kuta za chumba. Ugonjwa huu hushika majana yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, na pia nyuki wakubwa, ambao huwa dhaifu, hushindwa kuruka na hufa matumbo yao yakiwa magumu.

Kwa hiyo vigezo vyako ni vitatu: rangi ya unga, ugumu, na kama maiti inatoka kirahisi. Chaki huchomoka yenyewe, jiwe hung'ang'ania.

Ukiona unga wa kijani, vaa barakoa. Usinuse sega, usipulize unga, usilivunje jana karibu na uso. Spora hizi huweza kudhuru mapafu na macho ya binadamu, na mwenye pumu asikaribie. Asali iliyo kwenye masega hayo usiile wala usiiuze. Chaki haimdhuru binadamu.

Tahadhari moja: ukungu wa kijani kwenye sega lililoachwa na nyuki, au juu ya majana yaliyokufa zamani kwa sababu nyingine, si ugonjwa wa jiwe. Aspergillus huota popote penye unyevu na kitu cha kula. Ugonjwa unauhesabu pale tu unapoukuta ndani ya kundi hai, ukiwaua majana na nyuki walio bado kazini.

Vinavyofanana na kuvu na vinavyopotosha

Kinachopotosha zaidi, na hakisemwi vya kutosha, ni chavua iliyoota ukungu. Chavua ya zamani vyumbani hukauka ikawa donge gumu jeupe au la kijivu, hugongagonga sega likitikiswa, na hutoka nzima. Likate donge kwa kisu. Chavua itaonyesha matabaka ya rangi, kwa sababu nyuki waliipakia kutoka maua tofauti kwa siku tofauti. Maiti ya chaki haina matabaka.

Uozo wa majana wa Kimarekani ndio usioruhusiwa kuukosea. Vifuniko huwa vimezama ndani, vimelowa kana kwamba vimepakwa mafuta, vingine vina matundu. Jana lililokufa ni uji wa kahawia wenye harufu mbaya. Tumbukiza njiti ya kiberiti, koroga, ivute polepole: uji ukivutika uzi wa sentimita mbili na zaidi kabla ya kukatika, funga mzinga mara moja, usihamishe chochote, mwite afisa wa wadudu au wa mifugo wa wilaya. Ukikauka, hubaki gamba jeusi lililoganda ukutani mwa chini wa chumba, ambalo hutalitoa bila kuharibu sega. Kuvu haigeuzi jana kuwa uji wala haitoi uzi. Jaribio hili la njiti lifanye kila unapokuta majana yaliyokufa vyumbani, hata ukiwa na hakika kwamba ni chaki, kwa sababu sega moja linaweza kubeba magonjwa mawili.

Uozo wa Kiulaya huua majana mengi kabla hayajafunikwa. Hupindapinda vyumbani, hugeuka njano kisha kahawia, mirija ya hewa huonekana kupitia ngozi, harufu ni ya uchachu, na gamba lake hutoka kirahisi.

Ugonjwa wa mfuko, wa virusi, huliacha jana limenyooka, kichwa kimeinuka na kimekuwa cheusi, ngozi yake ikiwa mfuko wenye majimaji. Likishikwa kwa kibano hutoka zima na maji yake.

Majana yaliyokufa kwa baridi tu huwa ya kila umri mahali pamoja, pembeni mwa sega, ya kijivu hadi meusi, bila nyuzi za kuvu. Nondo wa nta huacha vijia vya utando na vifuniko vilivyoliwa kwa mstari. Mende wadogo wa mizinga huacha utelezi na asali inayochachuka.

Kupeleka sampuli

Maabara ndiyo inayothibitisha, na kwa ugonjwa wa jiwe na uozo wa Kimarekani usikubali kubaki bila uthibitisho. Kata kipande cha sega cha sentimita 10 kwa 10 chenye majana yaliyokufa mengi kadiri iwezekanavyo na kisicho na asali. Kifunge kwa karatasi au gazeti, kisha kwenye boksi. Usitumie kaveera. Ndani ya plastiki unyevu hujikusanya, ukungu mwingine huota njiani, na mchunguzi atauona huo badala ya ugonjwa wako. Maiti kavu ziweke kwenye bahasha yake. Andika wilaya, tarehe, aina ya mzinga, idadi ya mizinga yenye dalili na tarehe ya urinaji wa mwisho.

Pa kuanzia ni kwa afisa wa wadudu au wa mifugo wa wilaya. Yeye ndiye njia ya kufika kwa wataalamu wa wizara ya kilimo, taasisi za NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, au Chuo Kikuu cha Makerere. TUNADO, jumuiya ya kitaifa ya wadau wa nyuki, inaweza kukuelekeza kwa mtu aliye karibu nawe.

Ukishathibitisha chaki

Usinunue dawa ya kuvu ya mimea dukani, wala usiweke antibiotiki. Antibiotiki hazigusi kuvu, na huweza kuuzidisha ugonjwa kwa kuua vijidudu vyema tumboni mwa jana vinavyoizuia. Mabaki yake hukaa kwenye asali, na asali ya Uganda inayouzwa Ulaya hupimwa mabaki.

Toa masega yaliyoathirika vibaya uyachome. Yenye maiti chache waachie nyuki wasafishe. Kusanya maiti za sakafuni na za chini ya mzinga, uzichome pia. Punguza nafasi: kwenye mzinga wa vipau weka ubao wa kutenga, nyuki wabaki na masega wanayoweza kuyafunika. Inua mzinga mita moja kutoka ardhini, uinamishe kidogo kuelekea mlangoni maji yatoke, ziba paa linalovuja, kata matawi yanayozuia jua la asubuhi. Usiunganishe wala kugawa makundi mpaka ugonjwa utulie, na usihamishe sega kutoka mzinga mgonjwa kwenda mzima. Patasi ioshe kwa sabuni kisha uipitishe kwenye moto kabla ya mzinga unaofuata. Maboksi matupu yakwangue, uyababue kwa moto mpaka mbao zibadilike rangi kidogo.

Ikiwa mzinga umekauka na nyuki ni wengi lakini chaki inarudi, tatizo liko kwenye damu ya kundi. Nyuki wa malkia huyo hawasafishi. Lipime hili kwa pini: katika kundi hilo na katika kundi lenye afya, toboa majana 100 yaliyofunikwa kwa pini nyembamba, weka alama kwenye kipau, rudi baada ya saa 24. Kundi safi litakuwa limeondoa karibu yote, na kundi zembe litaacha mengi. Ondoa malkia wa kundi zembe, ulipe kundi hilo sega lenye mayai kutoka kundi lililofaulu, wajilelee malkia mpya. Madume ya kundi zembe yataendelea kupandisha malkia wa jirani, kwa hiyo usiache makundi hayo yakazaliana ovyo.

Rudi kukagua baada ya wiki tatu, muda unaotosha kizazi kimoja cha nyuki vibarua. Tandika gunia lilelile, hesabu maiti nyeupe na nyeusi, na ulinganishe na hesabu ya kwanza. Zikipungua nusu, acha mzinga ufungwe na uwape nyuki muda. Zikiwa nyingi kuliko mwanzo, kata sampuli nyingine uipeleke, kwa kuwa huenda kuna ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya chaki.